Namna ya Kukusanya Ngano na Simulizi za Wazee wa Nyanda za Juu Kusini: Mwongozo Kamili

Mwezi Juni na Julai, baridi inapokaza Tukuyu, Makete na Mufindi na mahindi yakiwa yameshaingia ghalani, watu hurudi jikoni mapema na kuuzunguka moto. Wakati huo wazee wana nafasi, wajukuu wako likizo, na mazungumzo ya jioni hurefuka bila mtu kuyasukuma. Yeyote anayetaka kurekodi ngano za nyumbani kwao aulenge msimu huo. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwalimu wa shule ya msingi, mwanafunzi wa chuo, au mjukuu aliyerudi kijijini kwa wiki mbili akiwa na simu moja na daftari moja, bila mfuko wa utafiti wala gari.

Nitautaja msimamo wangu mapema, kwa kuwa hatua zote zinazofuata zinautegemea. Ni heri ngano kumi zilizonukuliwa neno kwa neno, zikijulikana nani alizitamba, wapi, kwa lugha gani na mbele ya nani, kuliko ngano mia moja zilizofupishwa kwa Kiswahili cha darasani. Nimeona madaftari mengi ya aina hiyo ya pili, na karibu yote yanafanana: sungura ni mjanja, fisi ni mlafi, na mwishoni kuna fundisho ambalo mara nyingi mtambaji mwenyewe hakulitamka.

Hatua ya kwanza: chagua eneo dogo na ujue unachokitafuta

Usianze na lengo la kukusanya ngano za Mbeya au za Iringa. Anza na kitongoji kimoja, au hata ukoo mmoja. Katika ukanda huu Wahehe, Wabena, Wakinga, Wawanji, Wapangwa, Wasangu, Wasafwa, Wanyakyusa, Wandali na Wanyiha wanaishi jirani, wanaoana na wanaazimana hadithi, kiasi kwamba ngano moja inaweza kuvuka milima mara tatu na kubadilisha mhusika kila inapovuka. Ukikusanya kijuujuu katika wilaya nne hutaweza kuonyesha mabadiliko hayo. Ukikusanya kwa kina mahali pamoja, mwenzako akifanya vivyo hivyo bonde la pili, mtakuwa na kitu cha kulinganisha.

Andika jina la mahali kikamilifu, kuanzia kitongoji hadi mkoa, na uandike pia mwaka. Jambo hili linaonekana dogo, lakini mipaka ya utawala huku imehama hivi karibuni: Njombe ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012, na Mbozi, kilipo kimondo maarufu, ilikuwa Mkoa wa Mbeya hadi Mkoa wa Songwe ulipoundwa mwaka 2016. Maandishi ya zamani yanayosema tu kwamba simulizi fulani ni ya Iringa yanaweza kumaanisha Kilolo, Ludewa au Makete, na mahali hapo pana lugha tofauti kabisa.

Kisha tofautisha tanzu, kwa kuwa kila utanzu una namna yake ya kuuliziwa. Ngano za wanyama na za mazimwi hutambwa usiku kwa kujifurahisha, na kila mtu anajua kwamba ni za kubuni. Visasili hueleza chanzo cha vitu, kama vile moto, mauti, ng'ombe, ziwa au mlima, na mara nyingi msimuliaji huvichukulia kwa uzito. Visakale na mighani huhusu watu waliokuwepo, au wanaoaminiwa kuwa walikuwepo: watawala, mashujaa, waanzilishi wa koo. Kuna pia vitendawili, methali na nyimbo za kazi, ambazo huja zenyewe katikati ya mengine. Ukimwuliza mzee habari za Lwembe, shujaa wa tambiko wa Unyakyusani, kwa sauti ile ile unayoulizia habari za sungura, umeshamkosea kabla hajajibu.

Hatua ya pili: ruhusa, salamu na mahali pa kukaa

Hata kama kijiji ni chako, pita kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mtendaji wa kijiji, ueleze unachofanya na utakapokipeleka. Halmashauri ina afisa utamaduni, na barua fupi kwake itakusaidia siku mtu atakapouliza kwa nini unazunguka na kinasa sauti. Mtafiti kutoka nje ya nchi anahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na anayefanya kazi kwa niaba ya chuo afuate utaratibu wa chuo chake. Fahamu pia kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi za jamii: kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili kunahitaji idhini. Anayewaza kuziuza ngano hizo kama katuni au kitabu alisome jambo hilo kabla ya kurekodi, asingoje mpaka vitabu viko dukani.

Ruhusa ya msimuliaji ni kitu kingine. Iombe kwa lugha yake, na mwache ajibu huku kinasa sauti kikiwa kimewashwa: jina lake litajwe au lisitajwe, sauti yake isikike na nani, iwekwe mtandaoni au isiwekwe. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 suala hili si la adabu pekee. Watoto wakiwepo, waulizwe pia wazazi wao.

Salamu zinachukua muda, na zisikatizwe. Uheheni na Ubenani utaanza na «Kamwene»; Unyakyusani mwanamume mzima huitwa «tata» na mwanamke mzima «juba»; na «shikamoo» haijawahi kumharibia mtu safari popote huku. Mambo ya kukaa ni magumu zaidi. Kwa mila ya Kinyakyusa mke na baba mkwe wake huepukana, na ingawa vijana wengi wamelilegeza jambo hilo, zipo nyumba ambamo mkwe hawezi kuketi chumba kimoja na mzee huyo. Mgeni anayesema kwa furaha, «Mama na wewe njoo ukae hapa karibu na babu,» anaweza kuukausha mkutano mzima, na hakuna atakayemweleza kwa nini. Uliza faragha kabla ya kupanga viti.

Kuhusu malipo, ushauri wangu ni kutomlipa mtu kwa hesabu ya hadithi. Fedha ikiahidiwa kwa kila ngano, ngano zitaongezeka na ubora utapungua. Usiwalaumu wazee kwa hilo, maana ndivyo ungefanya na wewe. Peleka sukari, majani ya chai, chumvi na sabuni kama mgeni yeyote mwenye adabu, na ukiweza saidia kazi iliyopo. Huko Iringa na Njombe, wakati wa masika, utakaribishwa ulanzi, nawe ukubali. Ila kumbuka kwamba ule wa asubuhi, mtogwa, ni mtamu na hauna haraka, na kwamba mkangafu wa jioni humfanya msimuliaji awe mchangamfu kwa nusu saa na asieleweke kwa saa moja inayofuata.

Hatua ya tatu: andaa vifaa kabla mvua haijaanza

Simu ya kawaida inatosha. Tumia programu ya kurekodi inayohifadhi sauti katika muundo wa WAV badala ya MP3, kwa kipimo cha kilohezi 48 na biti 16. Kwa chaneli moja, dakika moja itachukua takriban megabaiti 6, yaani saa moja ni kama megabaiti 350, kwa hiyo futa picha zisizo na kazi kabla ya kuondoka nyumbani. Weka simu katika hali ya ndegeni. Bila hivyo, simulizi itakatwa na mtu anayetaka kujua bei ya viazi. Iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, sentimita 20 hadi 30 kutoka kinywani mwa msimuliaji, isiguse meza wala kinu. Rekodi sekunde 30, sikiliza kwa spika za masikioni, ndipo uanze.

Adui mkubwa wa sauti katika wilaya ya Rungwe ni bati. Rekodi yangu ya kwanza kule ilikuwa ya mzee aliyeeleza kwa dakika arobaini jinsi ukoo wao ulivyoshuka kutoka Ukinga, na ninayo mpaka leo: dakika sita za mzee na dakika thelathini na nne za mvua. Tangu siku hiyo huuliza kama kuna jiko la nyasi, au huenda asubuhi, kwa sababu mvua za huko hupenda kuanza baada ya saa saba mchana. Moto wa kuni mbichi pia hupasuka na kutia madoa kwenye sauti. Ombeni kuni kavu, au sogezeni simu upande wa pili wa msimuliaji.

Hatua ya nne: kikao chenyewe

Kosa linalorudiwa zaidi ni kuuliza, «Babu, naomba unisimulie hadithi za kale.» Mzee atafikiri, atasema amesahau, na atakuelekeza kwa mwenzake aliyefariki mwaka jana. Ombi hilo ni pana mno kwake. Uliza juu ya mtu au mahali: «Mlipokuwa wadogo, nani alikuwa anawatambia usiku? Alikuwa anapenda kuanza na ipi?» Au simameni kwenye kitu chenyewe. Ukiwa Iringa mjini, panda na mzee hadi jiwe la Gangilonga, ambalo jina lake kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea, umwulize liliongea na nani na lilisema nini. Ukiwa Kiwira, kaeni karibu na Daraja la Mungu, pale mwamba ulipojenga njia juu ya mto. Mahali hukumbusha kuliko swali.

Njia nyingine ni kuanza na vitendawili. Viwili vitatu vinatosha kuwachangamsha watoto, na watoto wakichangamka bibi hana pa kukimbilia. Ngano haitambwi kwa simu iliyowekwa mezani; hutambwa kwa hadhira. Ukimtenga msimuliaji chumbani ili upate sauti safi, utapata sauti safi ya mtu anayetoa maelezo. Mimi huchagua kelele kidogo zenye watoto ndani yake.

Usimfundishe kianzio. Wengi wetu tulisoma shuleni kwamba hadithi huanza kwa «Paukwa! Pakawa!» na sasa tunakitaka kianzio hicho kila mahali, ilhali ni cha pwani na kilipanda huku kwa njia ya vitabu vya shule. Zuia ulimi ungoje. Kila lugha ya ukanda huu ina namna yake ya kuufungua usiku na ya kuufunga, na ukianza wewe na Paukwa, mzee kwa heshima atakufuata, nawe hutajua kamwe angeanzaje. Vivyo hivyo, katika jamii nyingi za Kibantu upo mwiko wa kutamba ngano mchana. Mzee akikataa saa nne asubuhi, andika sababu anayoitoa, kwa kuwa sababu hiyo nayo ni simulizi, halafu rudi usiku.

Acha ukimya. Anaponyamaza sekunde kumi anatafuta, hajamaliza. Usiseme «enhe» kila baada ya sentensi isipokuwa hadhira nzima inafanya hivyo, maana sauti yako ndiyo iliyo karibu na simu. Maswali ya maana ya neno au ya nani ni nani yaandike pembeni, uyaulize mwishoni.

Hatua ya tano: usiku huo huo

Kabla ya kulala andika ukurasa mmoja: tarehe, saa, mahali, nani walikuwepo na wanahusianaje, nani alicheka wapi, msimuliaji alikuwa anafanya nini kwa mikono, alijifunza ngano hiyo kwa nani. Ipe faili jina linaloeleweka lenye tarehe, kijiji na namba, na uinakili kwenye kifaa cha pili. Usingoje kesho, maana kesho utakuwa na rekodi nyingine.

Hatua ya sita: kunukuu, na hapa ndipo kazi ilipo

Kwa uzoefu wangu saa moja ya sauti hula siku nzima ya kazi, wakati mwingine mbili, na wengi huishia hapa. Programu ya ELAN, inayotolewa bure na taasisi ya Max Planck ya Nijmegen nchini Uholanzi, hukuwezesha kuunganisha kila sentensi na sekunde yake kwenye sauti. Asiye na kompyuta anaweza kuandika kwa mkono, akiweka dakika na sekunde pembeni ya kila aya.

Nukuu kwa lugha iliyosemwa, na ujue mapema kwamba alfabeti ya Kiswahili haitoshi kwa lugha zote za huku. Kinyakyusa kina irabu saba: mbali na a, e, i, o, u kuna ɨ na ʉ, na mtu anayeziandika kama i na u za kawaida hugeuza maneno mawili kuwa moja. Kihehe na Kibena vina tano kama Kiswahili, lakini vina toni, na urefu wa irabu hubadilisha maana. Mtafute mtu aliyezoea kusoma Biblia au nyimbo za ibada kwa lugha hiyo; Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na tangu wakati huo makanisa yamezalisha wasomaji wa lugha za nyumbani kuliko shule zilivyowahi kufanya.

Usisafishe. Msimuliaji akichanganya lugha, acha mchanganyiko. Bibi mmoja upande wa Kiwira alikuwa anapepeta maharage huku akiwatambia wajukuu sita, watatu wa kijijini na watatu waliotoka Mbeya mjini wasiojua Kinyakyusa, kwa hiyo alitamba kwa Kiswahili na kuimba kwa Kinyakyusa. Kipande kifupi nilikiandika hivi:

BIBI: Wakachimba. Wakachimba, wakachimba, wakachimbaaa. [anaacha kupepeta, ungo uko hewani]
WATOTO: Maji!
BIBI: Bado. [watoto wanacheka] Tembo akakanyaga, di! Vumbi tu.
MTOTO: Na Kalulu?
BIBI: Kalulu? Kalulu yuko kivulini anachana nywele. [anarudi kupepeta]

Muhtasari wa kipande hicho ungekuwa: wanyama walichimba kisima, sungura akakataa kushiriki. Maneno sita, na yote ni ya kweli. Kilichopotea ni ungo uliosimama hewani, ni watoto waliojua jibu na wakadanganywa makusudi, na ni lile swali la mtoto, ambalo ndilo lililomwingiza sungura. Bila mtoto kuuliza, Kalulu angeingia baadaye, pengine asingechana nywele. Kumbuka pia jina: bibi alikuwa anasema Kiswahili na neno sungura analijua, lakini mhusika wake alibaki Kalulu, jina ambalo utalikuta pia ng'ambo ya mto Songwe, Malawi.

Tafsiri iwe kazi ya pili, iandikwe chini ya maneno ya asili, isiwe badala yake. Kuwa mwangalifu hasa na majina ya kiimani. Mfano mzuri ni Kyala. Leo Mnyakyusa akisema Kyala kanisani anamtaja Mungu wa Wakristo. Lakini Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusani katika miaka ya 1930, waliandika habari za Kyala kama mmoja wa mashujaa wa kale wa jadi, aliyehusishwa na pango la Ikombe kando ya Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone, ambako tambiko lilifanyika. Mnukuzi anayeandika «Mungu» kila anaposikia Kyala amekwisha kuamua swali ambalo alipaswa kumwuliza msimuliaji: ni yupi unayemsema? Liache neno kama lilivyo, uweke jibu lake kwenye maelezo. Ndivyo ilivyo pia kwa mizimu, mazimwi na majina ya cheo kama malafyale, ambalo kulitafsiri kuwa chifu tu hupunguza mengi.

Hatua ya saba: linganisha bila kusahihisha

Ukishapata simulizi moja kutoka vinywa vitatu, ziweke sambamba. Usizichanganye kupata moja «kamili», kwa sababu hiyo haijawahi kusimuliwa na mtu yeyote. Tafuta mahali zinapoachana, kisha uliza ni nani anayesimulia. Kisasili cha Unyakyusani kinachoeleza kwamba waanzilishi wa koo za watawala walishuka kutoka Ukinga wakileta moto, ng'ombe na chuma, na kwamba wenyeji waliowakuta walikuwa wanakula vyakula vibichi, ni simulizi ya chanzo, lakini ni madai ya haki ya kutawala pia. Kisikilize katika nyumba ya ukoo wa watawala, halafu ukisikilize nyumba isiyo ya ukoo huo, na uone kila mmoja anaweka uzito wapi. Ukipanda Makete ukakiuliza kwa Wakinga wenyewe, ambao uhunzi wao wa majembe ulijulikana mbali, utakuwa umepata kona ya tatu.

Kwa mighani unaweza kuwa na vigingi vya tarehe. Habari za Mtwa Mkwawa, Mkwavinyika wa Munyigumba, mtawala wa Wahehe, ni mfano ambao Iringa yote inaufahamu. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliliangamiza jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski huko Lugalo. Oktoba 1894 boma la Kalenga lilianguka. Tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa alijiua badala ya kukamatwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu lake. Na mwaka 1954 Gavana Edward Twining alilikabidhi fuvu kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa shujaa huyo. Fuvu hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga, kando ya barabara iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Vigingi hivyo viwe kwenye daftari lako, visiwe mdomoni mwako. Mzee akisema Mkwawa aligeuka kuwa mnyama au kwamba jiwe lilimwonya, usimkatize kwa tarehe. Wala usiyaweke hayo chini ya kichwa «makosa». Tarehe zinaeleza kilichotokea. Mighani inaeleza kile ambacho watu walioshindwa mwaka 1898 waliendelea kukikataa kwa vizazi vinne. Andika safu mbili, moja ya simulizi na moja ya kumbukumbu za maandishi, na usikimbilie kuziunganisha. Kanuni hiyo hiyo inafaa kwa Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu na kimondo cha Mbozi: maelezo ya volkano, lava na chuma yana mahali pake, na simulizi ya wenyeji ina mahali pake, na msomaji ana akili za kutosha kusoma zote mbili.

Hatua ya nane: yale yasiyoandikwa

Mwiko wa kwanza unahusu uchawi. Katika mikoa hii mazungumzo ya usiku huteleza kwa urahisi kutoka kwenye mazimwi ya ngano hadi kwa jirani mwenye jina na nyumba. Hapo zima kinasa sauti, na kama ulichelewa, futa sehemu hiyo. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, hufanya kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa kosa, na yapo maeneo ambako jina lililotajwa hivyo limegharimu maisha ya bibi kizee. Hakuna thamani ya kitaaluma inayolipia hatari hiyo.

Mwiko wa pili ni mambo ya tambiko. Misitu ya makaburi ya watawala, maneno yanayosemwa ndani yake na majina ya wanaoyasema yana wenyewe. Ukiruhusiwa kusikia, haina maana umeruhusiwa kurekodi. Ukiruhusiwa kurekodi, haina maana umeruhusiwa kusambaza. Picha ya msitu wa tambiko iliyopigwa kwa kuibia barabarani ni mbaya kuliko kutokuwa na picha. Andika tu kwamba jambo lipo na kwamba wenyewe wamelihifadhi.

Hatua ya tisa: hifadhi, kisha rudisha

Kuwe na nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na kwa mtu mwingine katika mji mwingine. Nakala ya maandishi ichapwe, kwa kuwa karatasi haihitaji chaja. Ukiwa na kazi ya maana, zungumza na maktaba ya chuo kilicho karibu, kwa mfano Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kilichopo Iringa, au na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na uulize wanapokea nini na kwa masharti gani. Masharti ya msimuliaji yaambatane na faili popote linapokwenda. Tanzania iliridhia mwaka 2011 Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi wa utamaduni usioshikika, na mkataba huo unaitaka jamii yenyewe ishirikishwe katika kuuhifadhi urithi wake. Barua yako kwa ofisi yoyote inaweza kuliegemea hilo.

Kurudisha kufanyike nyumbani kwa msimuliaji, usiku, mbele ya hadhira ile ile kama inawezekana. Chapa ngano zake kwa herufi kubwa, funga kwa uzi, na uweke sauti kwenye kadi inayoingia kwenye redio ndogo zinazotumika vijijini, kwa kuwa wazee wengi hawana simu janja. Kisha soma kwa sauti, polepole, ukijiandaa kukatizwa. Bibi wa Kiwira alinisimamisha kwenye mstari wa pili: Tembo hakukanyaga kwanza, alianza Nyati, Tembo akafuata, na mimi ndiye niliyesikia vibaya. Tukaisikiliza rekodi. Alikuwa amesema Tembo. Akacheka, akasema usiku ule alikosea, niandike Nyati.

Katika hali kama hiyo usifute Tembo. Andika Nyati pembeni kwa kalamu ya rangi nyingine, uweke tarehe ya marekebisho na jina la aliyerekebisha, na mistari yote miwili ibaki inasomeka.